Nyumba ni ya Mama

Wale mliosikiliza kipindi cha mirathi mnakumbuka kwamba mwishoni nilikatiza maneno ghafla. Wengine mliuliza kulikoni. Ukweli ni kwamba dada yangu alikuwa amekaa pembeni yangu, na jambo nililotaka kulisema lilikuwa lake zaidi kuliko langu, tena lilikuwa halijaisha. Sasa limefika mahali pa kusimama, na yeye mwenyewe kaniruhusu. Basi leo tunaongea historia, lakini inaanzia kwenye karatasi moja.

Karatasi yenyewe ilikuja kwenye simu, Jumapili jioni, kutoka kwa mjomba wetu anayeishi Marseille. Ilikuwa hati ya kukubali kuuza nyumba ya marehemu bibi yetu, mzaa mama, iliyoko kisiwani Ngazija, katika mji mmoja kaskazini ya Moroni. Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyekuwa akiikaa. Alifariki mwaka mmoja kabla, hakuacha mtoto, na nyumba ikabaki imefungwa. Mjomba alisema kwa upole tu: "Wewe ndiye mwanamume mkubwa kwa mama yako. Weka saini, tuuze, kila mtu apate chake."

Mimi ni mhasibu. Kusoma karatasi na kuweka saini ndiyo kazi inayonilisha. Nikaona hesabu ni nyepesi: nyumba haina mtu, paa linavuja, mnunuzi yupo. Nikampelekea mama simu asome, pale pale jikoni kwake, hapa Etterbeek. Alivaa miwani, akasoma mpaka chini, akanirudishia.

"Hii nyumba si yako, mwanangu. Wala si ya mjomba wako."

"Ni ya nani sasa?"

"Ya dada yako." Halafu akainuka kuweka chai, kana kwamba amesema mvua inanyesha.

Nieleze kidogo sisi ni akina nani, maana wasomaji wapya wapo. Baba ni mtu wa Uvira, Kongo. Kwao ukoo unahesabiwa kuumeni: mtoto ni wa baba, shamba ni la baba, na msichana akiolewa anahamia kwa mumewe. Mama alizaliwa Zanzibar, katika familia ya Wangazija. Baadaye alipelekwa Bujumbura kwa jamaa zake waliokuwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na hapo ndo wakakutana na baba. Sisi watoto tulizaliwa Ubelgiji na tukalelewa kwa Kiswahili cha sehemu mbili. Lakini kuhusu ukoo tulifundishwa upande mmoja tu, wa baba, na tukadhani hiyo ndiyo "mila ya kwetu". Kumbe nyumbani mlikuwa na mila mbili, na moja ilikuwa imenyamaza.

Siku chache baadaye nilikuwa nakula chipsi Place Jourdan na mwenzangu wa kazini, Mmalaysia. Nikamsimulia habari ya karatasi. Nilitegemea atashangaa. Hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu: "Na kwenu pia mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe?"

Yeye anatoka jimbo linaloitwa Negeri Sembilan, kusini ya Kuala Lumpur. Maana ya jina ni "nchi tisa", kwa sababu lilianza kama muungano wa nchi ndogo ndogo. Wengi wa walioijenga ni Waminangkabau, watu wa Sumatra ya magharibi, ambao walianza kuvuka mlango-bahari wa Melaka miaka zaidi ya mia tano iliyopita kutafuta ardhi ya mpunga. Walivuka na mila yao, inayoitwa adat perpatih. Kwa mila hiyo mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Nyumba na mashamba ya urithi yanatoka kwa mama kwenda kwa binti. Mwanamume akioa anahamia upande wa mke, na ndoa ikivunjika anaondoka na nguo zake.

Mwenzangu alinionyesha picha za mapaa yaliyopinda juu kama pembe za nyati, na za kasri ya zamani ya Seri Menanti, ya mbao tupu, iliyojengwa kati ya mwaka 1902 na 1908 na kusimama juu ya nguzo 99. Akanieleza jambo lililonifanya niache chipsi zipoe: hata mfalme wao hapatikani kama wafalme wengine wa Malaysia. Mwaka 1773 wazee walimleta mwana wa kifalme kutoka Sumatra, Raja Melewar, awe mkuu wao, na mpaka leo anayekalia kiti huchaguliwa na wakuu wanne wa nchi, wanaoitwa Undang. Hao Undang wenyewe wanapata vyeo vyao kupitia ukoo wa mama. Malaya ilipopata uhuru mwaka 1957, mfalme wa kwanza wa nchi nzima alikuwa huyo mkuu wa Negeri Sembilan.

"Na nyinyi ni Waislamu?" nikamuuliza, swali la kipumbavu maana najua anafunga.

Akacheka. "Waislamu kabisa. Na nyinyi?"

Ndo hapo nikaona kwamba mama hakuwa anasema jambo la ajabu. Alikuwa anasema jambo la zamani, ambalo mimi sikulisoma popote. Mwezi wa saba, dada na mimi tukakata tiketi.

Ndege inatua Hahaya, kwenye uwanja uliozungukwa na mawe meusi ya volkano. Sehemu kubwa ya kisiwa cha Ngazija ni mgongo wa mlima Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, na mlima huo bado unapumua. Barabara ya kwenda mjini inapita kati ya lava nyeusi na bahari ya buluu, na kila kijiji kina nyumba mbili tatu ambazo ghorofa ya juu haijaisha: nondo zimesimama angani, zinangoja. Nilidhani ni umaskini. Dereva akatuambia, kwa Kingazija ambacho mtu wa Kiswahili anakifuata akitega sikio vizuri, kwamba zile nondo ni mabinti. Mtu akizaliwa mtoto wa kike anaanza kumjengea. Akipata wa pili, anapanda juu. Kaka walioko Ufaransa wanatuma pesa, na pesa inakuwa saruji ya dada zao.

Dada aliangalia nje ya dirisha muda mrefu. Yeye ana watoto wawili, wote wa kiume. Hilo kumbukeni, tutalirudia.

Ngazija, ukoo wa mama unaitwa hinya. Mali ya ukoo huo, yaani nyumba na ardhi iliyotoka kwa bibi wa zamani, inaitwa manyahuli. Manyahuli haigawanywi wala haiuzwi ovyo. Inashikwa na wanawake wa tumbo moja na kupita kwa mabinti zao. Mwanamume wa ukoo ana haki ya kula matunda yake, ana haki ya kurudi humo akiachika au akiugua, na ana wajibu wa kuisimamia na kuitetea. Lakini haipitishi kwa watoto wake, kwa sababu watoto wake ni wa hinya nyingine, ya mama yao. Watoto ambao ni wa damu ya nyumba yake ni wa dada yake. Kwao yeye ni mjomba, na neno lake kwao lina uzito ambao baba mzazi wakati mwingine hana.

Neno "mjomba" tunalitumia kila siku hapa Brussels. Kwa wengi wetu ni mtu wa kuleta zawadi Idi au Krismasi. Kule ni cheo. Na halikuwa neno dogo hata kwenye pwani ya Kenya: Wamijikenda waliwaita majirani zao Waswahili "Adzomba", wajomba, kwa sababu ya ndoa na undugu uliofungwa kupitia akina mama.

Usidhani lakini kwamba Ngazija wanawake ndio wanaotawala. Nje ya nyumba kuna bangwe, uwanja wa mji, na bangwe ni la wanaume. Hapo wanakaa kwa daraja, na anayepanda daraja ni yule aliyefanya anda, ndoa kubwa. Ni sherehe za siku nyingi, zenye ng'ombe, dhahabu na wageni wa mji mzima, na mtu anaweza kuweka akiba nusu ya maisha yake kwa ajili yake. Akishaifanya anaitwa mdru mdzima. Sisi tunasema "mtu mzima" kwa yeyote aliyepita umri fulani, wao wanamaanisha mtu aliyekamilisha wajibu wake. Asiyeifanya anabaki mtoto wa mji hata akiwa na mvi. Na anda inafungwa wapi? Katika nyumba ya bibi harusi, ambayo familia yake imeijenga. Bwana harusi anaingia akishangiliwa, lakini anaingia kama mgeni. Hata masultani wa zamani wa kisiwa walirithi kiti kwa upande wa mama zao: heshima ya mwanamume nje ilisimama juu ya nyumba ya mwanamke ndani.

Na kuna ukurasa ambao hakuna aliyetusomea tulipokuwa watoto. Kisiwa hiki kilikuwa na watumwa, wengi wao Wamakua walioletwa kutoka Msumbiji. Mtumwa hakuwa na hinya, na bila hinya hakuna manyahuli, hakuna nyumba ya kurudi. Uchungu zaidi ni kwamba Wamakua wenyewe, huko kwao, wanahesabu ukoo kwa mama. Watu walitolewa kwenye nyumba za mama zao wakaletwa mahali ambapo kila kitu kinahesabiwa kwa mama, wakaambiwa wao hawana mama. Nikisifu manyahuli bila kusema hilo nitakuwa nimewadanganya.

Sasa turudi kwenye swali ambalo najua baadhi yenu mnalo, kwa sababu nami nilikuwa nalo: je, hii si kinyume cha dini? Kwenye mirathi ya Kiislamu kila mtoto ana fungu lake, na wa kiume anapata mafungu mawili ya wa kike. Hii ya nyumba kwenda kwa mabinti peke yao imetoka wapi?

Jibu rahisi ni kusema watu wa visiwani hawakuijua dini vizuri. Jibu hilo halisimami. Ngazija ilitoa wanazuoni walioheshimiwa pwani nzima. Sheikh Ahmad bin Sumayt, kadhi mkubwa wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa Ngazija mwaka 1861. Watu hawa walijua hesabu ya mirathi kuliko mimi na wewe. Walichofanya ni kutenganisha vikapu viwili. Mali uliyoichuma mwenyewe kwa jasho lako inagawanywa kwa sheria ya dini. Mali uliyoikuta, ambayo bibi wa bibi yako aliiacha kwa ajili ya tumbo lake, haiko mkononi mwako kuigawa, na wapo waliolifananisha jambo hilo na wakfu. Ukifa, huachi kitu ambacho hakikuwa chako. Negeri Sembilan nao wana vikapu hivyo hivyo viwili, mali ya urithi na mali ya kuchuma, ingawa kati yao na Ngazija kuna bahari nzima.

Bahari hiyo ilipitika lakini. Wanaakiolojia waliochimba Komoro na Madagaska walikuta mbegu za mpunga na choroko za Asia, za karne ya 8 hadi ya 10, na vinasaba vya Wakomoro wa leo bado vina alama ya mabaharia kutoka visiwa vya Kusini-mashariki ya Asia. Inavutia kusema basi, mila ilikuja na jahazi pamoja na mchele. Mimi siivuti kamba hiyo. Ng'ambo ya pili ya maji, Msumbiji ya kaskazini na Tanzania ya kusini, Wamakua na Wamakonde wanahesabu kwa mama. Waluguru wa Morogoro vilevile. Ukiingia Kongo utawakuta Watabwa kando ya Ziwa Tanganyika na Wahemba magharibi yao. Ngazija haikuhitaji kuazima mbali. Kilicho cha ajabu ni kwamba watu wawili wa pande mbili za bahari walipokea dini moja, na wote wakaamua nyumba ibaki kwa mama.

Hata pwani yetu, ambako leo tunajitaja kwa baba, nyayo zipo. Lamu, familia za nyumba za mawe zilimpa binti nyumba au ghorofa anapoolewa, na mume akahamia humo. Historia ya Pate inasimulia kwamba Mnabahani kutoka Oman aliupata ufalme kwa kumwoa binti wa mfalme wa mji. Na mwaka 2023 wanasayansi walitangaza matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu 80 waliozikwa pwani na karibu yake kati ya mwaka 1250 na 1800. Katika wengi wa watu hao wa pwani, asili ya upande wa mama ilikuwa ya Kiafrika karibu yote, na ya upande wa baba kwa kiasi kikubwa ya Asia, hasa Uajemi. Baba alikuja na jahazi. Mama alikuwepo, na nyumba ilikuwepo. Sasa fikiria ni upande gani tulifundishwa kujivunia.

Basi kama mila hii ina nguvu hivyo, nani aliyeitikisa? Kwa Ngazija nitataja mawili.

La kwanza ni karatasi. Mwaka 1885 Mfaransa mmoja, Léon Humblot, aliyefika kukusanya mimea, alipata mkataba kutoka kwa Sultani Said Ali wa kulima ardhi ya kisiwa. Mwaka uliofuata Ufaransa ikakiweka kisiwa chini ya himaya yake. Kampuni ya Humblot ikajimegea sehemu kubwa ya ardhi kwa mashamba ya vanila na manukato, na wanakijiji wakabanwa pembezoni. Said Ali mwenyewe aliishia uhamishoni. Hebu litazameni jambo hili kwa jicho la mhasibu: sultani aliweka saini juu ya ardhi ambayo kwa mila haikuwa yake kuitoa, kwa lugha ya hati ambayo haikuwa na safu ya kuandika jina la ukoo wa mama. Manyahuli iliishi katika vinywa na kumbukumbu za watu. Hati iliishi katika kabati. Mahakama ya kizungu ilifungua kabati.

Negeri Sembilan bahati yao ilikuwa tofauti kidogo. Waingereza walitunga sheria mwaka 1909 ya kuandikisha ardhi ya mila kwa majina ya wanawake wa koo, ili isiuzwe nje ya ukoo. Ukoloni ni ukoloni, lakini safu iliandikwa. Na mwaka 1951, pale Rembau, viongozi wa dini walipotaka ardhi hiyo ya urithi igawanywe kwa sheria ya mirathi, wanawake walisimama wakakataa, hata wengine wakatishia kudai talaka. Mila ikabaki. Wadigo wa pwani ya Kenya na Tanga, ambao ni Waislamu na zamani walirithishana kwa watoto wa dada, walikwenda njia nyingine: mivutano ya mirathi ilifika barazani na mahakamani kwa miaka mingi, na polepole upande wa baba ukashika.

La pili ni mapinduzi. Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, na chini ya mwezi mmoja baadaye serikali ikapinduliwa. Ali Soilih, kijana msomi wa kilimo, akashika uongozi muda si mrefu. Aliichukia anda. Alisema inawafilisi watu na kuwapa wazee madaraka yasiyo na kazi, na kusema kweli hoja yake haikuwa ya kijinga. Akaifuta, akawapa vijana wa shule mamlaka, nyaraka za serikali zikachomwa. Mwezi wa tano 1978 mamluki wa Bob Denard wakampindua, akauawa. Anda ikarudi kana kwamba ilikuwa imekwenda kisimani tu.

Katikati ya miaka hiyo lilitokea jambo ambalo linatuhusu sisi wa Brussels bila sisi kujua. Disemba 1976, huko Mahajanga, Madagaska, Wakomoro walishambuliwa na zaidi ya elfu moja wakauawa. Waliosalia, watu zaidi ya 15,000, wakarudishwa visiwani, wengi kwa ndege zilizokodiwa. Ndege zenyewe zilikuwa za Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji. Mpaka leo watu hao na watoto wao wanaitwa "Wasabena". Nilipolisikia neno hilo uwanjani kwa wazee nilidhani nimesikia vibaya. Jina ambalo wazazi wetu wanalikumbuka kutoka Zaventem, kule ni jina la kabila la waliorudi mikono mitupu.

Mmoja wao alikuwa mdogo wake bibi yetu. Alishuka kwenye ndege mwanzoni mwa 1977 na watoto watatu na sufuria moja. Hakuomba nyumba. Alitembea mpaka mlango wa mama yake, yaani nyumba ile ile iliyomo katika karatasi yangu, akaingia. Hakuna aliyemuuliza anakaa mpaka lini. Bibi yetu mwenyewe alikuwa amesharudi humo kutoka Zanzibar baada ya mwaka 1968, pale Wangazija wa Zanzibar walipoambiwa si raia tena. Mara mbili ndani ya miaka kumi, nchi mbili tofauti ziliwaambia wanawake wa nyumba moja kwamba hawana kwao, na mara zote mbili ufunguo ulikuwa mlangoni.

Haya yote tulisimuliwa na mjukuu wa yule bibi mdogo, dada yetu kwa hesabu ya kule, tukiwa tumekaa barazani mbele ya mlango uliofungwa. Yeye anapanga chumba mjini. Ana binti wa miaka tisa aliyekuwa anaruka kamba mbele yetu. Dada yangu akauliza lile swali ambalo alikuwa amelibeba tangu uwanja wa ndege: "Mimi nina watoto wa kiume tu. Nyumba itaisha na mimi?"

Yule dada akamwangalia kama mtu aliyeulizwa kama jua litachomoza. Akamwonyesha mtoto wa kamba. "Huyu ni nani?"

Mama wa bibi zao ni mmoja. Tumbo ni lile lile. Kwa hesabu ya Etterbeek, ukoo wa bibi ulikuwa unaishia kwa dada yangu. Kwa hesabu ya kule haukuwa na mpango wa kuisha.

Tuliporudi nilimpigia mjomba. Sikutaka kumshinda, maana ana haki yake: miaka zaidi ya 20 amekuwa akituma pesa za paa, na hakuna aliyemshukuru. Nilimwambia sitaweka saini, kwa sababu si yangu kuiweka. Alinyamaza muda. Kisha akasema, "Mama yenu amewaambia." Nikasema ndiyo. "Haya. Nilidhani nyinyi watoto wa Ulaya hamtaki habari hizi. Niliona bora niiuze mimi ninayeijua, kuliko mje kuiuza nyinyi msioijua." Hilo lilinichoma, kwa sababu alikuwa sahihi. Ingekuwa hivyo.

Tumekubaliana hivi. Nyumba haiuzwi. Mama na dada wameandika hati, safari hii safu ipo, inayosema wazi kwamba ni manyahuli ya tumbo la bibi mzaa bibi. Dada yetu wa kule amehamia na binti yake. Mjomba tunamrudishia gharama za paa kidogo kidogo, dada na mimi. Na mimi ninatuma pesa kila baada ya miezi mitatu kwa ajili ya ghorofa ya juu ya nyumba ambayo sitairithi, wala watoto wangu hawatairithi. Wenzangu wa ofisini wakiiona hesabu hiyo watasema nimechanganyikiwa. Lakini nikiachika, nikiugua, nikifukuzwa mahali, kuna mlango ambao hakuna wa kuniuliza nakaa mpaka lini. Na watoto wawili wa dada yangu wameanza kuniita mjomba kwa sauti nyingine kidogo. Mkubwa ameniuliza kama nitakuja kusimama kwenye anda yake. Ana miaka kumi na moja. Nimemwambia aanze kuweka akiba.

Kabla hatujakutana kwenye kipindi kijacho, fanyeni jambo moja dogo. Mpigieni mama, au dada wa mama kama mama hayupo. Msimuulize ukoo wetu ni nani, maana atawatajia wa baba, ndivyo alivyozoeshwa. Muulizeni hivi: mama yake alikuwa analala nyumba ya nani, na mama wa mama yake je? Halafu nyamazeni, mngoje chai ichemke.